Sura ya Nne: Jina la Marehemu Midomoni mwa Watani

Vyuo vikuu vya umma nchini Marekani kwa kawaida hubeba majina ya majimbo: California, Oregon, Michigan, Texas. Vyuo binafsi vingi hubeba majina ya watu. Darasani tofauti hiyo haina uzito, lakini uwanjani ina uzito mkubwa, kwa sababu jimbo halina mama, halina ndoa, halina madeni wala kaburi. Mtu anavyo vyote hivyo. Shabiki anayetafuta neno la kumchoma mpinzani haendi mbali: jina limeandikwa kifuani mwa jezi, na nyuma ya jina kuna ukoo mzima wa kuchambua.

Ukoo wa Duke ulitajirika kwa tumbaku kabla chuo cha Durham, North Carolina, hakijachukua jina lake mwaka 1924, na mashabiki wa jirani zao wa Chapel Hill huliandika jina hilo "Dook" kwa makusudi. Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni hadi Utah, alioa wanawake zaidi ya 50, na idadi hiyo imekuwa akiba ya dhihaka kwa timu zinazokutana na chuo chenye jina lake. Lakini kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni cha Stanford, kwa maana kejeli inayopendwa zaidi dhidi ya chuo hicho imesimama juu ya kifo cha mtoto wa miaka 15, na wengi wanaoitamka hawana habari hiyo.

Jina kamili la chuo hicho, lile la kisheria, ni Leland Stanford Junior University. Watu wengi hudhani kimepewa jina la Leland Stanford, gavana, seneta na tajiri wa reli. Sivyo. Kimepewa jina la mwanawe.

Baba alizaliwa mwaka 1824 karibu na Albany, jimbo la New York, katika nyumba ya mkulima aliyeendesha pia nyumba ya wageni. Alisomea sheria, akafungua ofisi katika mji mdogo wa Port Washington, Wisconsin, na mwaka 1852 moto ukateketeza ofisi pamoja na vitabu vyake vyote vya sheria. Akawafuata ndugu zake California. Huko hakutajirika kwa kuchimba dhahabu bali kwa kuwauzia wachimbaji vyakula na vifaa. Mwaka 1861 yeye na wafanyabiashara wenzake wa Sacramento, Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker, waliunda kampuni ya reli ya Central Pacific, naye akawa rais wake. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa gavana, akaapishwa Januari 1862. Kwa muda wa miaka miwili mtu mmoja aliongoza jimbo na pia kampuni iliyokuwa ikiomba fedha na ardhi kutoka serikalini, na watu wa zama zake waliliona hilo waziwazi.

Alikuwa amemwoa Jane Lathrop mwaka 1850. Miaka 18 ilipita bila mtoto. Tarehe 14 Mei 1868, Jane akiwa na umri wa miaka 39, alizaliwa mwana wa pekee. Inasimuliwa kwamba wiki chache baadaye wazazi waliwaalika rafiki zao chakula cha jioni, na wageni walipokwisha kuketi, mhudumu aliingia na sinia kubwa la fedha lenye kifuniko na kuliweka katikati ya meza. Kifuniko kilipoinuliwa, mtoto alikuwa amelazwa ndani juu ya maua, kisha sinia likapitishwa kwa kila mgeni ili amwone. Huyo ndiye Leland Junior.

Kijana alikua akipenda mashine na vitu vya kale. Alisoma Kifaransa, akakusanya vigae, sarafu na vipande vya sanamu, na alitaka siku moja awe na makumbusho yake. Katika safari ya familia barani Ulaya, mapema mwaka 1884, alikutana Athens na Heinrich Schliemann, mchimbuaji maarufu wa Troy, akapewa vipande vya vitu vilivyofukuliwa huko. Wiki chache baadaye aliugua homa ya matumbo. Wazazi walimhamishia Florence wakitumaini hewa ya huko ingemfaa, na tarehe 13 Machi 1884 akafia hotelini, ikibaki miezi miwili atimize miaka 16.

Kauli inayonukuliwa daima katika historia ya chuo ni ile ya baba kumwambia mkewe kwamba tangu hapo watoto wa California wangekuwa watoto wao. Walirudi Marekani na kuwatembelea viongozi wa vyuo vya mashariki ili kuomba ushauri. Charles Eliot wa Harvard aliwaeleza kuwa, mbali na ardhi na majengo, chuo kikuu kingehitaji wakfu usiopungua dola milioni 5. Stanford na mkewe walitazamana, kisha akasema jambo hilo wangeliweza. Kutokana na ziara hiyo ilizaliwa hekaya inayosambazwa hadi leo: kwamba wazee wawili waliovaa nguo zilizochakaa waliwekwa kusubiri saa nyingi mlangoni pa rais wa Harvard, wakadharauliwa, wakaondoka na kwenda kujenga chuo chao kwa hasira. Hekaya hiyo si kweli. Stanford alikuwa gavana mstaafu na mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi, na alipokewa hivyo. Inapendwa kwa sababu inawapa watu wa Stanford kisasi cha maneno dhidi ya Harvard, na ni mfano wa awali wa jinsi habari za familia hii zilivyogeuzwa silaha, safari hii na watu wake wenyewe.

Hati ya kuanzisha chuo ilitiwa saini Novemba 1885. Familia ilitoa shamba lake la farasi la Palo Alto, zaidi ya ekari 8,000, na ndiyo sababu wanafunzi bado hukiita chuo chao "Shamba". Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 14 Mei 1887, siku ambayo marehemu angetimiza miaka 19. Milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1891, wavulana kwa wasichana, bila ada, na ada haikuanza kutozwa hadi mwaka 1920. Kwa wazazi hao, kila tofali lilikuwa kumbukumbu ya mtoto. Jina Junior lilikaa mahali pake kama linavyokaa kwenye jiwe la kaburi.

Kilichofuata hakikuwa kosa la mtu. Nchini Marekani neno junior halimhusu tu mtoto aliyerithi jina la baba yake. Humaanisha pia kitu cha ngazi ya chini, na mwanzoni mwa karne ya 20 likapata kazi mpya katika elimu. Mwaka 1901 chuo cha miaka miwili kilifunguliwa Joliet, Illinois, na vyuo vya aina hiyo vikaitwa "junior college": mwanafunzi husoma miaka miwili ya mwanzo kisha huhamia chuo kikuu. Sheria ya California ya mwaka 1907 iliziruhusu shule za sekondari kutoa masomo ya ngazi hiyo, na Fresno ikaanza mwaka 1910. Mmoja wa waliozipigania shule hizo kwa nguvu alikuwa David Starr Jordan, rais wa kwanza wa Stanford. Kwa hiyo kiongozi wa chuo chenye neno Junior katika jina lake ndiye aliyesaidia kulifanya neno hilo, kwa masikio ya Wamarekani, liwe alama ya shule isiyo kamili.

Watani tayari walikuwapo. Chuo Kikuu cha California kilianzishwa mwaka 1868, mwaka uleule aliozaliwa mtoto wa Stanford, na makao yake yakawa Berkeley, ng'ambo ya pili ya ghuba ya San Francisco. Ni chuo cha umma, kinachojivunia kuwasomesha watoto wa wakulima na wafanyakazi kwa fedha za wananchi. Stanford kilipojitokeza miaka 23 baadaye kwa fedha za tajiri mmoja, ugomvi wa heshima ulikuwa umeshaandaliwa. Timu zao za mpira wa Kimarekani zilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1892 mjini San Francisco. Inasimuliwa kuwa mchezo ulichelewa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuleta mpira. Stanford walishinda 14 kwa 10, na pambano hilo la kila mwaka huitwa Mchezo Mkubwa.

Utani wa vyuo hivi umekuwa wa vitendo kama ulivyokuwa wa maneno. Mwaka 1899 Stanford walileta shoka kwenye mchezo wa besiboli na kulitumia kukatakata utepe wenye rangi za Berkeley. Vijana wa Berkeley wakalinyakua, wakalificha kwa miaka 31. Mwaka 1930 kundi la wanafunzi 21 wa Stanford walilirudisha kwa hila, na tangu mwaka 1933 shoka hilohilo, likiwa limepigiliwa kwenye ubao wenye matokeo ya miaka yote, hukabidhiwa mshindi wa Mchezo Mkubwa. Mwaka 1982, sekunde nne tu zikiwa zimesalia, wachezaji wa Berkeley walipasiana mpira mara tano na kufunga huku bendi ya Stanford ikiwa imekwisha kuingia uwanjani kushangilia. Matokeo yalikuwa 25 kwa 20. Kila shoka linapokuwa mikononi mwa Stanford, tarakimu hizo hubadilishwa kwenye ubao kusomeka kwamba Stanford walishinda 20 kwa 19. Likirudi Berkeley, hurekebishwa tena.

Katika mazingira hayo, jina la mtoto marehemu lilikuwa chambo rahisi. Mashabiki wa Berkeley hulitamka jina zima la chuo pinzani wakivuta neno Junior, kana kwamba ni chuo cha kujaribia, cha wale waliokosa nafasi penye chuo cha kweli. Katika mabango hulikosea jina kwa makusudi, "Stanfurd". Hakuna katika hayo aliyepanga kumdhihaki mtoto aliyekufa Florence. Dhihaka yenyewe hufanya kazi kwa sababu mtoto amesahauliwa: likibaki neno peke yake, watu hucheka, likirudishiwa mwenyewe, kicheko hukauka. Utani wa makabila unaofahamika Tanzania nao huingia msibani, na mtani aweza kumcheka marehemu mbele ya wafiwa. Lakini kwa desturi mtani huyo ndiye pia anayeshika jembe kaburini, na anamjua anayemcheka. Uwanja wa mpira hauna sharti la namna hiyo. Umati wa watu maelfu unaweza kurudia neno kwa vizazi bila yeyote kuulizwa lilitoka wapi.

Ukoo huu una mambo mazito zaidi ambayo yangestahili sauti za umati. Katika hotuba yake ya kuapishwa mwaka 1862, Gavana Stanford aliwataja Waasia kuwa watu duni ambao kuhamia kwao California kulipaswa kuzuiwa. Miaka mitatu baadaye kampuni yake ilikuwa ikiwategemea. Wazungu hawakutaka kazi ya kupasua milima ya Sierra Nevada, au waliifanya kwa muda tu wa kufikia migodi ya fedha, na Crocker akaanza kuajiri Wachina. Mwaka 1865 Stanford huyohuyo alimwandikia Rais Andrew Johnson akiwasifu kwa utulivu, uvumilivu na bidii. Kwa jumla kati ya 10,000 na 20,000 waliifanya kazi hiyo, na wakati fulani walifika takriban tisa kati ya kila wafanyakazi kumi wa Central Pacific.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mauti. Handaki la kileleni, lenye urefu wa takriban mita 500, lilichimbwa katika mwamba wa matale kwa nyundo, baruti na nitrogliserini, kutoka pande zote mbili na kutoka katikati kupitia shimo lililoteremshwa wima. Majira ya baridi ya 1866 na 1867 theluji ilifunika kambi, na maporomoko yakawazika watu wakiwa hai. Juni 1867 maelfu ya Wachina waligoma wakidai mshahara sawa na wa wazungu na saa fupi zaidi za kazi ndani ya mahandaki. Crocker aliwakatia chakula. Baada ya takriban wiki moja njaa iliwarudisha kazini. Kampuni haikuweka hesabu ya waliokufa. Tarehe 10 Mei 1869, Promontory, Utah, Stanford alishika nyundo ya kupigilia msumari wa dhahabu uliounganisha reli za mashariki na magharibi. Inasimuliwa kwamba pigo lake la kwanza lilikosa. Msumari huo leo uko katika makumbusho ya chuo chenye jina la mwanawe.

Kejeli iliyogusa historia hii haikutoka Berkeley. Timu za Stanford zilijulikana kwa miaka mingi kama Wahindi, wakimaanishwa wenyeji wa asili wa Amerika, na mwaka 1972, baada ya wanafunzi wa asili hiyo kulalamika, chuo kikaliacha jina hilo. Wanafunzi walipopiga kura mwaka 1975 kutafuta jina jipya, walichagua "Mabeberu Wanyang'anyi", jina wanaloitwa katika historia ya Marekani matajiri wa karne ya 19 waliojilimbikizia mali kwa hila na kwa jasho la wengine. Uongozi wa chuo ulikataa kulitambua. Timu zikabaki na jina la rangi nyekundu iliyokolea, Cardinal, lililothibitishwa mwaka 1981. Kura ile ilikuwa dhihaka ya ndani ya nyumba, ya vijana waliokaa katika majengo ya mtu huyo na kulala chini ya paa lake, na kwa usahihi iliwashinda watani wote. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa chuo kulitazama jambo hilo kitaalamu: mwaka 2012 ulianzishwa hapo mradi wa utafiti juu ya Wachina waliojenga reli, na watafiti wake walilazimika kutumia vitabu vya malipo, mabaki ya vyombo vya kulia na masimulizi ya vizazi, kwa sababu barua za wafanyakazi wenyewe hazikupatikana.

Jane Stanford naye hajaingia sana katika nyimbo za majukwaani, ingawa maisha yake ndiyo yaliyokiokoa chuo. Mumewe alifariki Juni 1893, mwaka wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mirathi ikafungwa mahakamani, na serikali kuu ikadai dola milioni 15 kutoka humo kwa ajili ya mikopo ya reli. Hakimu wa mirathi alimruhusu mjane kutoa dola 10,000 kwa mwezi kama matumizi ya nyumbani kwake na kwa watumishi wake. Jane akawahesabu maprofesa kuwa watumishi, akawalipa kutoka humo hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipompa ushindi mwaka 1896. Mwaka 1897 alizipeleka London johari zake, wakati wa jubilei ya Malkia Victoria, akitumaini kupata wanunuzi wa kifalme. Hazikupata bei aliyoitaka, lakini baada ya kifo chake ziliuzwa na fedha zikawekwa kuwa mfuko wa kununulia vitabu vya maktaba.

Ulinzi wake wa jina la mwana ulikuwa na upande mchungu. Idadi ya wasichana ilipokuwa ikiongezeka kwa kasi, alihofia kwamba kumbukumbu ya mvulana ingegeuka kuwa chuo cha wanawake, na mwaka 1899 akaweka kikomo cha wasichana 500 kwa wakati mmoja. Kikomo hicho kilidumu hadi mwaka 1933. Wasichana wasio na idadi walikosa nafasi kwa sababu ya huzuni ya mama mmoja, na jambo hili, ambalo lingewapa watani hoja ya haki, halikuwahi kuwa wimbo. Kifo chake vilevile. Januari 1905 aliwekewa sumu katika maji ya chupa nyumbani kwake San Francisco, akanusurika. Tarehe 28 Februari mwaka huohuo akafia hotelini Honolulu, na baraza la uchunguzi huko likaamua kuwa aliuawa kwa sumu ya strikinini. Jordan, rais wa chuo, alisafiri hadi Hawaii na kutangaza kuwa ulikuwa ugonjwa wa moyo. Mwanahistoria Richard White, profesa mstaafu wa Stanford, aliichambua kesi hiyo upya katika kitabu mwaka 2022. Majukwaa hayana nafasi ya habari ya aina hii. Kejeli ya uwanjani inataka neno moja fupi linaloweza kupigiwa makofi, na mauaji yasiyo na muuaji aliyethibitishwa hayaingii katika mapigo ya ngoma.

Stanford wenyewe si wanyonge katika mchezo huu. Bendi yao ya matarumbeta, ambayo haiandamani kijeshi bali hukimbia ovyo na kuigiza vichekesho, imejijengea jina kwa kuwachokoza wageni. Septemba 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Brigham Young ilicheza Stanford, na wakati wa mapumziko bendi ilifanya mchezo juu ya wake wengi. Wachezaji wa kike wa bendi walivaa shela za maharusi, kijana mmoja akawachumbia mmoja baada ya mwingine kwa magoti, huku mtangazaji akiisifu ndoa kuwa kifungo kitakatifu kati ya mwanamume na mwanamke, na mwanamke mwingine, na mwingine. Malalamiko yalifika haraka, na Stanford kikaomba radhi.

Dhihaka ile ililenga jambo la kweli, jambo ambalo ni tofauti na lile la Junior. Kanisa la Wamormoni lilitangaza hadharani mafundisho ya mitala mwaka 1852, na Brigham Young hakuficha ukubwa wa nyumba yake: zaidi ya wake 50 na watoto zaidi ya 50. Miongoni mwa wake hao walikuwamo wajane wazee aliowaoa kwa hifadhi tu, na walikuwamo walioteseka. Ann Eliza Young alimfungulia shauri la talaka mwaka 1873, kisha akazunguka nchi nzima akihutubia dhidi ya ukewenza. Chuo cha Brigham Young, kilichoko Provo, kilianzishwa kwa hati yake mwaka 1875, miaka miwili kabla ya kifo chake, na kikawa chuo kikuu kwa jina mwaka 1903. Susa Young Gates, mmoja wa binti zake, alisaidia kuanzisha masomo ya muziki hapo na baadaye akawa katika bodi ya wadhamini wake. Lakini kanisa liliachana na mitala kwa tamko la mwaka 1890, na tangu mwanzo wa karne ya 20 Mmormoni anayeoa wake wawili hufukuzwa. Mwanafunzi wa Provo anayezomewa kwa mitala huzomewa kwa tendo ambalo chuo chake kingemtimua akilitenda.

Wakati mwingine mjukuu huwa uwanjani mwenyewe. Steve Young, mchezaji aliyeongoza mashambulizi ya timu ya Brigham Young mwaka 1982 na 1983, ni mzao wa mwanzilishi wa chuo chake, wa kizazi cha tano. Kila alipoingia ugenini, utani juu ya babu ulikuwa utani juu yake. Alijibu kwa mpira. Mwaka 1983 alishika nafasi ya pili katika kura ya tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo, na baadaye akang'ara na timu ya San Francisco, mji ambao Stanford na Berkeley wote huuita wao.

Kuna jambo ambalo pengine hakuna aliyelikumbuka siku ile ya mwaka 2004 bendi ilipowadhihaki wageni. Wenye majina hayo mawili walifanya biashara pamoja. Mwaka 1868, reli ilipokuwa ikikaribia Utah, Leland Stanford alikwenda Salt Lake City na kukaa huko kwa muda mrefu akitafuta mikataba na Wamormoni wa kusawazisha njia kwa ajili ya Central Pacific, huku Brigham Young akiwa amekwisha kupata mkataba kama huo na kampuni pinzani ya Union Pacific. Young alipata fungu pia katika mkataba wa Central Pacific. Reli iliyomtajirisha Stanford ilipita juu ya tuta lililochimbwa kwa mikono ya wafuasi wa Young.

Berkeley nao, ingawa chuo chao kina jina la jimbo, wamebeba mtu. Mji wao uliitwa Berkeley mwaka 1866 kwa heshima ya George Berkeley, askofu na mwanafalsafa wa Ireland. Askofu huyo aliishi Rhode Island kati ya mwaka 1729 na 1731, na huko alinunua watumwa kwa ajili ya shamba lake la Whitehall. Aprili 2023 chuo cha Trinity cha Dublin, alikosoma na kufundisha, kiliondoa jina lake kwenye maktaba yake. Berkeley yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kazi hiyo kwingine: Januari 2020 jina la John Henry Boalt liliondolewa kwenye jengo la kitivo cha sheria, baada ya kubainika wazi jinsi mwanasheria huyo alivyoandika mwaka 1877 akitaka Wachina wazuiwe kuingia nchini. Stanford kiliondoa jina la Jordan kwenye jengo lake mwaka huohuo, kwa sababu ya imani yake kwamba kuna mbegu bora na mbegu duni za binadamu. Kwa hiyo vyuo vyote viwili vimetafuta majibu ya maswali yaleyale juu ya Wachina na juu ya ubaguzi, kila kimoja katika kamati zake, huku mashabiki wao wakiendelea kurushiana neno Junior.

Neno hilo halijafutwa, wala hapajatokea juhudi kubwa ya kulifuta. Katika matumizi ya kila siku chuo hujiita Stanford tu. Katika hati za kisheria mwenye mali ni Bodi ya Wadhamini wa Leland Stanford Junior University, na ndilo jina lililoandikwa kwenye hataza ya mwaka 2001 ya mbinu ya kupanga kurasa ambayo Google ilijengwa juu yake. Bendi ile ya matarumbeta hujitangaza kwa jina zima, Junior ikiwamo. Tangu Agosti 2024 Stanford na Berkeley, baada ya ligi yao ya pwani ya magharibi kusambaratika, wamehamia pamoja katika ligi ya vyuo vya pwani ya Atlantiki, ambamo hukutana na Duke na Chapel Hill, na kila mwaka hushindania bado shoka lao.